Mizunguko Sitini

Harufu ya vanishi ya koili ikinifikia puani, hata nikiwa napita tu mbele ya duka fulani kule mtaa wa maduka wa Asiatique, hujikuta nahesabu kimoyomoyo. Ni harufu tamu yenye ukali kidogo. Ndiyo iliyojaa ua wetu wa Buyenzi likizo ile nilipokuwa na miaka kumi, baba alipoamua kuitoa pikipiki yake ya kale kwenye umeme wa volti sita na kuipeleka kumi na mbili. Taa yake ya mbele ilikuwa hafifu, na kila alipopunguza mwendo ilikaribia kuzimika. Baba alikuwa fundi wa kusuka koili, ule waya wa shaba unaozalisha umeme ndani ya dinamo. Watu walimletea dinamo zao hata kutoka Gatumba. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakusema, ila nyumbani sote tulijua kwamba pikipiki ile ilikuwa mtihani wake: alitaka kuona kama mikono bado ipo.

Mimi nilipewa kazi mbili, kupaka fremu rangi na kuhesabu. Rangi niliipaka kama ninavyofanya kila kitu hadi leo, kwa hofu. Sikuacha hata kona ambayo hakuna mtu angeiona. Baba alicheka, “We Zena, hii pikipiki inaenda kuolewa?” Nilijivuna siku nzima. Kisha tukaanza kusuka. Ndani ya dinamo ya pikipiki kulikuwa na nguzo sita fupi za chuma, na kila moja ilitaka mizunguko sitini ya waya wa shaba, isizidi wala isipungue. Yeye alizungusha, mimi nilisogeza punje ya haragwe kila mizunguko kumi. Tulipokuwa kwenye nguzo ya mwisho mvua ilianguka ghafla, nikageuka kutazama nguo kambani, na nilipoyarudia maharagwe sikujua tena tumefika wapi. Nilizungusha macho, nikakisia, kisha nikasema:

“Sitini, papa. Simama.”

“Sitini ya kweli?”

“Ya kweli.”

Akakata waya.

Alifunga kwenye fremu kisanduku kipya cha kudhibiti umeme, kitu ambacho hakuwahi kukitumia, akaweka betri mpya, akawasha. Taa ilitoa mwanga mwekundu, ikalegea. Juma, jirani yetu wa kuziba matairi, alipiga kelele mbele ya watu, “Fundi, taa yako inasinzia! Ama imefunga Ramadhani?” Watu wakacheka, baba naye akacheka kwa midomo tu. Betri haikupata chaji siku ile wala siku zilizofuata. Nikamsikia akimwambia mama, “Apana, kisanduku ni kizima. Ni mikono yangu. Mi siwezi tena.” Nilikuwa nimesimama mlangoni na kopo la maharagwe mkononi. Nikalirudisha kopo jikoni. Aliifunika pikipiki kwa turubai, na waliokuja na dinamo zao akawaelekeza kwa mafundi wengine. Miaka sita baadaye tulimzika.

Ufundi huu nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kuharibu vitu. Mwezi uliopita niliivua pikipiki turubai, nikaifungua koili ya nguzo ya mwisho, mzunguko mmoja mmoja, punje za haragwe zikiwa mezani. Zilikuwa sitini. Nilipoisuka upya, nikaweka betri mpya na kuwasha, taa ikasinzia vilevile. Ndipo nilipoukagua waya wa masi, ule unaounganisha kisanduku na chuma cha fremu ili umeme upite. Ulikuwa umefungwa juu ya rangi yangu, na rangi haipitishi umeme. Nilikwangua sehemu ya ukubwa wa ukucha, nikafunga tena. Taa ikasimama, nyeupe.

Siku hizi koili huja zimesukwa tayari ndani ya boksi, na hakuna mtoto anayeulizwa ni ngapi. Nimewasha taa ile mara nyingi tangu hapo, mchana, bila sababu. Ningekiri tu kwamba nilikisia, baba angeifungua koili na kuhesabu mwenyewe. Angekuta sitini. Angejua kwamba mikono bado ipo.