Machungwa Yaliyorudishwa

Miye skuli niliishia darasa la pili. Duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Konde nililianza na gunia moja la misumari, na nyumba niliijenga mwenyewe, hakuna aliyenipa hata tofali. Nayasema haya mapema ili msomaji asinidhanie mtu wa kuogopaogopa. Nimepanda mikarafuu ambayo vijana wa leo wakiitazama tu magoti yanawacheza. Nimekosha maiti, nimeingia kaburini kupokea. Lakini spitali nilikuwa siingii.

Huku kwetu mtu akilazwa, watu wanakwenda kumwona. Wanakodi gari, wanajaa, wanakwenda na chupa za uji na mikeka yao. Asiyekwenda hujulikana. Miye nikajitafutia njia: natuma kikapu. Machungwa, maziwa, sukari, na kikapu changu kikubwa kuliko vya wote. "Nifikishieni, semeni nimebanwa na duka." Watu wakaniita mkarimu, nami nikanyamaza.

Sababu naijua. Mke wangu alipolazwa, nilikaa nje ya lango siku tatu. Kila nikisogea, harufu ile ya dawa ya kusafishia sakafu inanipanda puani, mikono inatetemeka, narudi kwenye gari. Nikajifanya nalinda gari. Siku ya tatu asubuhi alitoka mwenzangu, rafiki yangu tangu ujana, kashika mfuko wa plastiki. Ndani mna kandambili za mke wangu. Pale wodini viatu huvuliwa mlangoni, na jozi yake ilibaki bila ya mwenyewe. Akanikabidhi. Nami sikumwuliza marehemu alisema nini, wala kama aliniulizia. Miaka sita sikumwuliza. Watoto hatukujaaliwa. Nyumba ina vyumba vitano, nalala kimoja, vinne navifagia.

Mwaka huu, karafuu zimeshaanikwa, mwenzangu huyo akateleza kisimani, nyonga ikavunjika. Binti yake akanipigia simu.

"Ami, baba anakuulizia. Jumatano wanampeleka Unguja kupasuliwa. Anasema uje kabla."

"Nitakuja, mwanangu."

Nikajaza kikapu, nikakituma.

Jioni yake kikarudi, kimejaa kama kilivyokwenda. Kumrudishia mtu alichompelekea mgonjwa, kwetu sisi, ni kumpiga kofi mbele ya watu. Dereva niliyemtuma alikiweka juu ya meza ya duka, na wateja wamesimama.

"Mzee kasema hakuagiza machungwa."

"Kasema nini tena?"

"Kasema kama huji kumwona, basi na jeneza lake usilifuate."

Wateja wote wakaanza kutazama mabomba.

Jumatatu nilikwenda, nikafika langoni, nikarudi. Kondakta wa daladala aliponishangaa nilimwambia nimesahau miwani, na miwani ninayo usoni. Jumanne ndiyo siku ya mwisho. Jirani yangu mwenye duka la dawa aliniambia, ukifika pale vuta pumzi ndefu, moyo utatulia. Nikafika langoni, nikavuta. Harufu ndo ikazidi kuingia. Nilitaka nirudi nikamtukane.

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza ya kuchuma karafuu. Nilikwama katikati ya mti, sipandi wala sishuki, machozi yananitoka. Mwenzangu yuko juu yangu. "Usitazame kilele, usitazame chini," akanambia. "Tazama mkono wako umeshika wapi." Nilifika juu vile, na maisha yangu yote ya baadaye yalitoka kwenye miti ile.

Basi nikakishika kikapu kile kilichorudishwa kwa mkono mmoja, nikaweka wa pili kwenye ukuta wa spitali, nikautazama. Mkono ukasogea, nami nikaufuata. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka pahala pengi. Muuguzi akanikuta.

"Mzee wangu, umepotea?"

"Sikupotea. Natembea."

"Mbona umeshika ukuta?"

"Unaanguka."

Akacheka, akaniacha na ukuta wangu.

Mlangoni mwa wodi nikavua viatu. Hapo ndipo paliponishinda kuliko pote. Nilivivua, nikavivaa, nikavivua tena. Mwisho nikaviweka mbali na vya wenzangu, nikaingia.

"Nani huyo? Hebu mpisheni nimwone," mwenzangu akasema kitandani. "Kumbe una miguu!"

"Ninayo miwili. Weye mguu wako vipi?"

"Kaa hapo, mshenzi weye. Nimenyee chungwa."

Binti yake akatoka kwenda kuchota maji. Nikamenya. Kisu kinatetemeka, maji ya chungwa yanamdondokea kwenye shuka. Aliyaona, na mtu huyo hajawahi kuacha kunicheka, lakini siku ile hakucheka. Ndipo nikauliza, macho yangu kwenye ganda.

"Siku zile. Aliniulizia?"

"Miaka sita nakungoja uulize."

"Basi sema."

"Alikuulizia. Nikamwambia uko nje. Tukataka kuja kukuvuta. Akasema, 'Mwacheni huyo, ataanguka humu atutie aibu.' Akacheka."

"Halafu?"

Aliyafuta maji ya chungwa kwenye shuka kwa kiganja.

"Alfajiri akakuulizia tena. Mara ile hakucheka."

Hakunipambia maneno, wala hakunitafutia udhuru. Namshukuru kwa hilo, ingawa sikumwambia. Nilimpa nusu ya chungwa, nusu nikala miye. Lilikuwa kali.

"Unguja utakuja?" akaniuliza.

"Nitakuja."

"Kikapu kiache kwako. Kinanikera."

Nilikaa mpaka wageni wote wakaambiwa watoke, na baada ya kuambiwa nikakaa tena. Muuguzi yule yule akaja akasema, "Mzee wangu, leo ukuta umesimama, nenda nyumbani." Mkono ulikuwa bado unatetemeka. Sitaki kumdanganya mtu kwamba uliacha.

Nilipofika mlangoni, watu walikuwa wameshaondoka na viatu vyao. Vya wageni vimebaki vyangu viwili tu, mbali kule nilikoviweka. Nilisimama nikavitazama kwa muda, kisha nikavivaa.