Kinanda cha Volti Mia Moja

Felisia Kokubelwa hauzi nguo, hauzi simu, hauzi nywele. Katika ghorofa zote za jengo la Tianxiu Dasha, hapa Guangzhou, China, tulikojazana wafanyabiashara na mizigo yetu, ni yeye peke yake anayeuza vinanda vizee vya Kijapani, na ukimcheka anakuuliza kama umewahi kuuza kitu unachokipenda. Mimi nauza mikoba, meza yangu iko pembeni ya yake. Swali hilo huniudhi kila mara.

Vinanda vyake ni vya aina moja tu, Miyatone. Kampuni iliyovitengeneza ilifungwa kabla sisi hatujajua kusoma, na vilivyobaki huja Guangzhou ndani ya makontena ya vitu chakavu kutoka Japani. Ubavuni vina mbao, vitufe vyake vina rangi za peremende, na kimoja kinaanzisha rumba. Ukikibonyeza, ngoma inapiga yenyewe, polepole, kwa adabu. Jirani zetu Wakongo huacha marobota yao na kuja kusikiliza.

Shida ni umeme. Miyatone ilizaliwa kwa umeme wa Japani, volti mia moja. Wa China ni mia mbili ishirini, na wa kwetu unafanana na huo. Ukichomeka moja kwa moja ukutani, umeiua. Na sisi tuna desturi yetu: mali isiyojaribiwa mbele ya macho hainunuliwi. Laoban, yaani bosi wa duka, akikuapia kuwa ni nzima, unachomeka mwenyewe. Kwa desturi hiyo tumeua Miyatone nyingi kuliko kutu. Felisia naye aliua ya kwanza, mbele ya kusanyiko letu la Jumapili, na wanakwaya wakacheka mpaka machozi. Hakuitupa. Aliibeba hadi kwa fundi mmoja wa Kichina, akakaa pale wiki tatu huku akifukuzwa, "buyao, buyao," sitaki, sitaki, mpaka fundi akachoka akampa bisibisi. Tangu hapo hununua zilizokufa na kuzifufua. Mtaani kwetu Xiaobei wapo wanaomwita Mama Mizoga. Anaitika.

Kijijini kwao Bukoba alijifunza kinanda kwa kumchungulia mpigaji wa kanisa. Siku mpigaji alipougua, akakaa yeye. Alipiga wimbo mmoja. Kabla ya wa pili, mwenyekiti wa kwaya alimwinua kwa mkono mbele ya waumini wote: mwanamke aimbe, kinanda ni cha wanaume. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwenyekiti huyo ni Theophil, na mpaka leo ndiye mwenyekiti, maana uenyekiti wa kwaya hakuna anayeustaafu.

Mwaka huu kinanda cha kanisa kile kikaharibika. Felisia akajitolea kupeleka Miyatone bure, kwa sharti moja: apige Goodness. Goodness ni fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ile ile. Mwaka mzima Felisia amemfundisha kwa simu ya video, binti akipiga vidole juu ya kadibodi iliyochorwa vibonyezo vyeupe na vyeusi. Alikuwa hajagusa kinanda chenye sauti.

Ndipo Theophil akaja Guangzhou kununua nguo Zhanqian Road, akapanda kwetu. Tulimpa chai. Alikizunguka kinanda kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Dada Felisia, Mungu akubariki. Kinanda tumekipokea. Lile sharti tutalizungumza kwenye kamati."

"Hapa hakuna kamati, Mwenyekiti. Hapa nipo mimi."

"Wazee hawatakubali. Mpigaji tunaye, Jovitus."

"Basi Jovitus aje na kinanda chake."

Nilitamani kupiga makofi, nikanywa chai. Theophil akatabasamu lile tabasamu la kanisani. "Walau tukijaribu. Siwezi kupeleka kitu sijakisikia." Akashika waya.

"Usichomeke hapo! Kina kisanduku chake cha kupunguza umeme, ngoja nikitoe."

"Mimi nimefunga spika za kanisa miaka ishirini, dada. Leo utanifundisha umeme?"

Akachomeka. Pa! Taa ya kinanda ikazimika, harufu ya kuungua ikajaa chumbani, na Theophil akaruka kinyumenyume hadi juu ya mikoba yangu. Hasira ilinipanda nikawa tayari kumshika kola, mzee au si mzee.

"Kissa, nipe bisibisi," Felisia akaniambia. Akafungua mgongo wa kinanda, akatoa fyuzi iliyoungua, akaweka nyingine. "Fyuzi hii huwa naiongeza mwenyewe. Wajapani hawakuwajua wanaume wa kwaya yetu."

Nilicheka, sikuficha. Akatoa kisanduku, akachomeka, akakaa, akapiga ule wimbo wa pili aliozuiwa kuupiga. Aliupiga beti zote nne, taratibu, bila kumtazama mtu.

"Kumbe bado unajua," Theophil akasema.

"Sikuwahi kuacha kujua."

"Haya. Kifunge, nitakipokea Dar. Hayo mengine tutayaona huko."

Eti tutayaona huko! Kikishafika kijijini, nani angemuuliza? Lakini Felisia alikifunga vizuri, kwa foronya na povu, akachukua kalamu nene. Kontena letu ni la kuchangia, watu wengi mzigo mmoja, kwa hiyo kila boksi huandikwa jina la mwenyewe, na bohari ya Dar haimpi mtu mwingine, labda malaika aje na kitambulisho.

"Andika Theophil, kwa niaba ya kwaya," Mwenyekiti alielekeza.

Felisia akaandika pande zote sita: GOODNESS KEMILEMBE.

"Sasa mimi nitakichukuaje?"

"Hukichukui. Anakichukua yeye. Kwaya ikikitaka, imlipie nauli aende Dar, na akirudi nacho atakipiga yeye."

Theophil akanyoosha mkono apewe kalamu. Mfa maji haachi kutapatapa. Felisia akaitumbukiza ndani ya blauzi, akapiga simu ya video, na uso wa Goodness ukatokea, sindano mdomoni.

"Mwanangu, Mwenyekiti wako yuko hapa. Ana jambo la kukuomba."

Akamkabidhi simu.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Goodness akasema.

Theophil alitutazama mimi na Felisia, akatazama boksi. Akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nauliza... utakuwa na nafasi lini ya kusafiri?"