Vikopo Viwili, Jina Moja

Jambo la kwanza ambalo mgeni angeliona kwa Ikirezi, kabla hata ya kimo chake kirefu au kilemba cheupe cha kwaya, ni kwamba hatulii kitini. Aliketi ukingoni mwa kigoda kama mtu aliyeazimwa nafasi, na kila injini iliyonguruma upande wa Kabingo ilimnyanyua. Pikipiki ikilia, yuko wima. Lori la ndizi likikohoa mlimani, keshafika penye ua. Majirani wa Rubondo walimtania: "Mama, hicho kigoda chako kina miba?" Alicheka nao, akakaa, akasimama tena.

Wiki moja kabla hakuwa hivyo. Alizaliwa katika milima ya Kivu Kusini, binti wa wafugaji, akafika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mwaka 1998 akiwa na miaka kumi na miwili, miguu imevimba kwa safari. Akakulia hapo, akaolewa hapo na Yonatani, mpakiaji wa ndizi aliyefuatana na malori hadi Mbarara na kulala huko siku tatu, nne. Waliishi ua mmoja na babake Yonatani, mzee Mutware. Ikirezi alimpikia mzee, alimfulia, alimchemshia maziwa. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakumtaja jina. Kwao, jina la baba mkwe halipiti kinywani mwa mke wa mwana, hata awe peke yake shambani.

Mapema mwaka 2009 wanaume wote wawili walishikwa na kikohozi. Kituo cha afya kikasema ni kifua kikuu, kikawapa vidonge. Rubondo nayo ikatoa hukumu yake: mzee ameutoa ugonjwa Kongo, akampa mwanawe katika kibuyu kimoja cha maziwa. Ikirezi aliamini vivyo hivyo.

Wiki ileile lilikuja gari la watafiti kutoka Mbarara. Walitaka makohozi ya wagonjwa, ili wajue ni aina gani za vijidudu vya kifua kikuu zinazozunguka nchini. Mzee Mutware hakukubali kwenda. "Mimi, na imvi hizi, niteme mbele ya batu? Hapana." Basi kila mmoja alitema alfajiri nyuma ya nyumba, na Ikirezi akavipeleka vikopo vyote viwili, vimefungwa katika jani moja la mgomba.

Penye gari alisimama Asuman, dereva, mtoto wa askari aliyezaliwa katika kambi ya jeshi Mbarara. "Nyinyi wakimbizi," alisema akicheka, "muliletea sisi kifua, sasa munaletea sisi na mate!"

Mezani aliketi Gorret, msichana wa maabara, kalamu mkononi, foleni mbele yake.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya Yonatani, bwana yangu."

"Na hii?"

Ikirezi alitazama chini. "Ni ya nyumba ileile."

"Ya nyumba ileile?"

"Ndiyo, dada. Ya nyumba ileile."

Gorret hakushangaa, kwa kuwa ni kawaida mgonjwa mmoja kutoa makohozi mara mbili. Akaandika: Yonatani, cha kwanza. Yonatani, cha pili. Ikirezi aliiona kalamu ikikosea, akanyamaza. Alijiambia kwamba wote wawili wanameza dawa moja. Jina litadhuru nini?

Miezi miwili ikapita. Kikohozi kilipungua, kikarudi, kwa mzee na kwa mwana. Kisha siku ya Jumatatu gari likarudi, na Gorret akaingia uani na karatasi, Asuman nyuma yake.

"Yonatani iko mmoja ama iko wawili?" aliuliza kabla hajakaa.

Alikunjua karatasi: safu mbili za mabaka meusi yenye mapengo katikati. Alieleza kwamba kila kijidudu kina urithi wake ndani, na maabara huusoma hivyo, baka na pengo, baka na pengo. Wagonjwa walioambukizana huwa na safu moja. Vikopo hivi viwili vilikuwa na safu mbili tofauti kabisa.

Mzee Mutware aliinama, akafuata safu kwa kidole kama anayehesabu ndama. "Hizi si za mama mmoja," alisema. "Ng'ombe tunamujua kwa mabaka. Moja imetoka mu boma ya wengine."

"Kweli, mzee. Hii ya kwanza tumeipata kwa watu mingi Mbarara. Hata kambini kwa akina Asuman."

Mzee aligeuka kumtazama dereva. "Unasikia, muntu wa kambi? Ng'ombe yenu imekula majani yangu miezi yote hii, na hakuna mwenye alikuja kuiuliza!"

Asuman alicheka mpaka akaivua kofia yake. Gorret hakucheka. Kijidudu cha kikopo cha pili, alisema, hakisikii vidonge vya kituo. Mwenye hicho lazima apelekwe hospitali mbali, achomwe sindano kila siku kwa miezi mingi. Kikopo cha pili kilikuwa cha nani?

Hapo ndipo Ikirezi alipolia, akaeleza yote. Alijaribu kukumbuka alikitoa kipi kwanza katika lile jani la mgomba. Hakukumbuka.

Gorret alijishika kichwa. "Banange! Hata nyanya yangu hakuita jina ya baba mkwe mpaka alikufa. Nilijua, na sikuuliza." Akatoa vikopo vipya. "Kupima dawa tena ni miezi miwili. Lakini mabaka tunasoma kwa siku nne. Tukijua mabaka ya kila mtu, tutajua kikopo cha pili kilikuwa cha nani."

"Si ni wazi?" Yonatani alisema kwa sauti nyembamba. "Mimi ndiye nilikuwa nalala Mbarara. Cha kwanza ni changu."

"Na mzee hajaongea na watu ya Mbarara? Kubahatisha si kupima."

Walitema tena nyuma ya nyumba. Ilipofika zamu ya kuandika, mzee alimwambia mke wa mwanawe, "Mtoto wangu, litaje. Nimekuruhusu." Ikirezi alifungua kinywa, kikakataa. Akaichukua kalamu kwa Gorret na kuandika mwenyewe, polepole, herufi za darasa la tano: Mutware. Mkono haukuwa umekatazwa.

Tangu siku ile hatulii. Yonatani akipelekwa mbali, mtoto wao wa miaka mitatu hatamwona baba karibu mwaka mzima. Mzee akipelekwa, je, mwili ule utastahimili sindano? Kwaya ilipomwombea Jumatano, yeye alifumba macho bila neno, maana kumwombea mmoja ni kumtupa mwenzake.

Leo ni Ijumaa. Gorret alisema Ijumaa, kabla ya jua kwenda upande. Ikirezi amekwisha kufagia ua mara tatu, na amekihamisha kigoda hadi kando ya barabara. Injini inanguruma nyuma ya kanisa.

"Ndiyo bo, batu ba maabara?" mzee anauliza kutoka ndani.

"Bado, baba. Ni lori ya ndizi."

Nyuma ya lori, vumbini, kuna gari jingine dogo. Ikirezi amesimama.