Riwaya Niliyoisifu Bila Kuisoma

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoandika uongo kwa mkono wangu na kutia jina langu chini yake. Nakueleza leo kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya maktaba kule Njiru, na wewe una haraka ya mdomo kama niliyokuwa nayo mimi.

Nilikuwa msaidizi katika maktaba ndogo hapa mtaani, enzi hizo bado napanda ngazi mbilimbili. Mkubwa wangu, Bi. Auma, alikuwa na desturi yake. Riwaya mpya zikifika, alizipanga kwenye meza karibu na mlango, na ndani ya kila moja akatia kadi. Aliyeisoma aliandika sentensi mbili za kuipendekeza, kisha jina lake. Niliipenda sana meza ile. Harufu ya karatasi mpya naisikia hata sasa nikikaa peke yangu.

Wiki hiyo nilipewa riwaya tatu. Mbili nilizisoma. Ya tatu ilikuwa nene, nami nilikuwa na marafiki wa kupiga nao soga. Nikatazama jalada, bibi harusi anacheka. Nikaandika: "Hadithi ya harusi. Utacheka mpaka mwisho."

Akaja Mzee Wafula, mstaafu wa reli. Kila Jumamosi aliazima riwaya ya kumsomea mkewe, ambaye alikuwa amepoteza macho. Miezi michache nyuma walikuwa wamemzika binti yao, Rael, aliyefariki akijifungua.

"Msichana, hii umesoma kweli?" akaniuliza. "Mama anataka kitu ya kucheka."

"Nimeisoma yote, Mzee," nikajibu bila kupepesa macho.

Jumamosi iliyofuata aliirudisha, akaiweka mezani taratibu. Akanieleza kwamba katikati ya riwaya bibi harusi anafariki akijifungua. Alipofika hapo akaacha kusoma, akaanza kubuni maneno yake mwenyewe ili yule bibi harusi aishi. Mkewe akamshika mkono akamwuliza, "Baba Rael, mbona sisikii ukigeuza ukurasa?"

"Sitachukua ingine," akaniambia Mzee, akaondoka. Afadhali angenitukana, mwanangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Bi. Auma alikuwa amesikia yote. Akaichomoa kadi yangu, akaisoma, akanirudishia. "Huyu mzee alikuamini na nyumba yake," akasema. "Soma hiki kitabu chote, halafu uende kwao uombe msamaha."

Nilikisoma kwa siku mbili, na nililia sana. Kisha nikaenda nacho kwao. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mtoto wa marehemu Rael amelala mapajani mwake. Nikapiga magoti nikakiri kosa langu, nikamweleza na jinsi bibi harusi anavyofariki. Akapapasa kichwa cha mjukuu.

"Mzee alinifichia, maskini," akasema. "Sasa wewe niambie. Huyo mtoto wa bibi harusi aliishi?"

"Aliishi, mama. Nyanya yake alimlea mpaka akakua."

"Basi kaa hapo unisomee."

Nikamsomea alasiri yote. Alilia, na mahali pawili alicheka kweli. Mzee alisimama mlangoni akisikiliza, kofia mkononi. Jumamosi ilipofika akaja mezani kama zamani, akaniuliza, "Leo yenye jina lako ni gani?"

Wote wawili wametangulia sasa, na Bi. Auma pia. Ninawakumbuka sana.

Kwa hiyo, mwanangu, usimsifie msomaji kitabu ambacho hujakimaliza. Hujui nyumbani kwake kuna kilio gani. Kama hujakisoma, mwambie hujakisoma, atakungoja. Nenda, Mungu ayalinde macho yako usome mengi, na awape watu sababu ya kuliamini jina lako.