Mdomo Ulisubiri Moyo

Binti yangu alizaliwa na mdomo wazi, na kaakaa lake nalo lilikuwa limepasuka. Nikimnyonyesha, maziwa yalimtokea puani. Nesi wa zahanati yetu huku milimani alinifundisha kukamua maziwa, kumkalisha mtoto wima na kumnywesha kwa kikombe kidogo, taratibu.

"Hawa wanashonwa, wanapona," aliniambia. Neno hilo nililishika.

Kanisani lilipotolewa tangazo kwamba madaktari wa kushona midomo watafika hospitali moja ya mjini, niliteremka Same na mama mkwe wangu. Tulikuta akina mama wengi, wengine wafugaji wa tambarare, kila mmoja amepakata mtoto kama wangu. Siku hiyo sikumfunika binti yangu uso.

Daktari alimsikiliza kifuani, akahamisha kipimo chake, akasikiliza tena.

"Mama, akinywa maziwa anatoka jasho?"

"Sana. Na anachoka upesi. Nilidhani ni huo mdomo."

"Moyo wake una sauti isiyo ya kawaida. Baadhi ya watoto wa mdomo wazi huzaliwa na hitilafu nyingine ndani ya mwili. Siwezi kumpa dawa ya usingizi kabla moyo haujapimwa Dar es Salaam."

Wenzangu walibaki kungoja zamu. Mimi nilimfunga mwanangu mgongoni, tukaanza safari ya kurudi mlimani.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "tumwachie Mungu. Mdomo peke yake ulikuwa mzigo, sasa na moyo?"

"Mama, Mungu huyo huyo ndiye kafanya daktari asikilize mara mbili. Nitakwenda."

Asubuhi yake mama mkwe alikuja na jembe begani. "Nenda. Shamba lako la tangawizi nitalipalilia mimi."

Mume wangu alitusindikiza hadi Hedaru, kwenye barabara kuu, mimi na mtoto tukapanda basi. Dar es Salaam madaktari walinionyesha kwenye kioo cha mashine: moyo wa mwanangu ulikuwa na tundu. Walimwanzishia dawa, wakaniambia nimnenepeshe kwanza. Nilirudi nyumbani nikampikia uji wa karanga, nikamponda parachichi, nikamlisha hata alipogoma na mimi mwenyewe nikilia. Alipoongezeka uzito tulirudi Dar es Salaam, wakampasua wakaliziba lile tundu. Mdomo ulishonwa baadaye, na kaakaa baada ya hapo.

Majirani walidhani yamekwisha. Lakini alipoanza kutembea, nilikuwa nikimwita kutoka nyuma hageuki.

"Mkaidi huyo, mchape," walisema.

Sikumchapa. Nilimrudisha hospitali, na safari hii sikungoja kuambiwa.

"Daktari, nipimie masikio yake."

Yalikuwa yamejaa majimaji nyuma ya ngoma. Daktari alisema ni jambo la kawaida kwa watoto wenye kaakaa lililopasuka, akamwekea vijibomba vya kuyatoa. Tulipotoka getini basi lilipiga honi, binti yangu akaruka na kunikumbatia miguu huku akilia kwa hofu. Nami nililia, kwa furaha.

Sasa yuko shuleni. Sauti yake bado inapitia puani kidogo, kwa hiyo jioni tunakaa jikoni tukifanya mazoezi ya kutamka: papai, baba, bibi. Akikosea anakasirika, anaanza upya bila kuambiwa. Ufizi wake bado una pengo, na daktari amesema ataushughulikia meno makubwa yakikaribia kuota. Tutateremka tena.