Mkole wa Bibi Otilia

Mti mbichi uliomenywa maganda, ukipitishwa taratibu juu ya makaa, hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine. Si moshi hasa, wala si utomvu. Inakaribia harufu ya kiazi kitamu kinachoanza kuungua, ikichanganyika na ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Songea, nikamkuta fundi akinyoosha mpini wa jembe kwa moto. Nikasimama. Akaniuliza kama nataka mpini. Nikamjibu kwamba nasikia harufu tu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaendelea na kazi yake. Ngoja niwaambie ninyi nisilomwambia yeye.

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Kwao ni Iramba, mkoani Singida, lakini serikali ilimleta Mbinga angali kijana, akamwona mama yangu, binti wa Kimatengo wa Kitura, hakuondoka tena. Mimi ndiye binti yao mkubwa, Skolastika, ingawa sikumbuki mtu aliyewahi kunimalizia jina. Wote waliniita Skola. Baba alipita katika vilima vile vya kahawa kwa pikipiki ya idara, amevaa shati la kaki lenye mifuko mingi, na watu walimwita "Bwana Shamba!" kabla hajazima injini.

Kisha ikaja miaka ile ambayo biashara zilifunguliwa. Sabuni na sukari vilirudi madukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yakaanza kupanda milima ambayo zamani ilipandwa na magari ya chama cha ushirika peke yake. Tulifurahi kama wengine. Ila serikali nayo ilisema wafanyakazi wake wamekuwa wengi mno, na walipopunguzwa, baba akawa mmojawapo. Pikipiki ilirudi ofisini. Mashati ya kaki yalibaki nyumbani.

Baba hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha mama. Alikaa barazani akinoa panga ambalo lilikwisha kunolewa jana yake. Akisemeshwa, anajibu. Asiposemeshwa, basi. Huko Kitura wajomba zangu walikuwa na vipande vyembamba vya ardhi mlimani, kila kimoja kimejaa kahawa na ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, za maharage na mahindi, hapakuwa na pa kutuweka. Lakini serikali ya kijiji cha Litumbandyosi ilikuwa ikiwagawia mashamba watu walio tayari kufyeka pori, na baba aliijua ardhi ile kwa sababu ya kazi yake. Tukapewa eneo, tukafyeka, tukapanda mahindi. Mahindi yakaota vizuri. Nguruwe pori wakaja.

Sijui kama mmewahi kuona kazi ya nguruwe pori. Hawali kama mbuzi, wakang'ata hapa na pale. Wanafuata mstari mmoja hadi mwisho, wanageuka, wanashika mwingine, kama vibarua walioahidiwa kulipwa. Asubuhi ile mama alisimama pembeni mwa shamba, mikono kichwani. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Gobore lilihitaji kibali na fedha, navyo vyote hatukuwa navyo.

"Nitatengeneza upinde," baba akasema.

Mama alimgeukia akidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwao Iramba alikua akilinda mtama kwa upinde, na upinde huo alifundishwa kuutengeneza na baba yake mwenyewe. Siku hiyohiyo alikata mti porini, akaumenya, akaukunja gotini. Ukapasuka kwa mlio kama wa bisi. Akakata mwingine wa aina nyingine, nao ukafanya vilevile. Alitaka mkole, mti ambao ukiukunja unarudi wenyewe, lakini pale hapakuwa na aliyeujua kwa jina hilo. Ikabidi aueleze kwa matunda yake: madogo, ya rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, yanakaa mawili mawili, watoto huyatafuna na kutema kokwa. Mzee mmoja akasema matunda ya namna hiyo aliyaona chini, upande wa ziwa, kwenye joto la Lituhi. Tena huko, akasema, mto Ruhuhu unapoingia ziwani kuna matete ya kutosha mishale ya jeshi zima.

"Nenda na Skola," mama akamwambia baba. Shule ilikuwa bado haijafunguliwa. Mama hakuficha sababu yake, aliniambia alipokuwa akinisuka nywele: hakutaka baba atembee peke yake na mawazo yake.

Tulipata lori la mfanyabiashara aliyekuwa akienda kununua usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Nyuma palijaa watu na magunia matupu. Dereva alipoliona shati la kaki aliita, "Bwana Shamba! Njoo ukae mbele huku!" Tukakaa mbele, mimi mapajani mwa baba.

"Kazi zinakwendaje?" dereva akauliza.

"Zinakwenda," baba akajibu, akageukia dirishani.

Mimi nilikuwa nafurahia kiti. Barabara iliteremka, hewa ikawa nzito na ya moto, nikavua sweta, halafu ziwa likatokea mbele yetu, pana, bila ng'ambo. Tulipofika Lituhi usipa walikuwa wameanikwa mchangani kama shuka za fedha, na harufu yake iliingia hadi kwenye nywele zangu mpya.

Kesho yake tulianza kuutafuta mkole. Hapo ndipo nilipocheka kuliko siku zote. Kila tuliyekutana naye, baba alimwigizia tunda: anachuma, anatia mdomoni, anakunja uso kwa utamu, anatema kokwa. Mtu mmoja alituletea masuku, matunda mengine kabisa ya porini. Mwingine alituelekeza kwa muuza duka, akidhani tunatafuta pipi. Mwishowe kundi la wasichana waliokuwa wakiteka maji waliangua kicheko, mmoja wao akanyoosha kidole nyuma ya mashamba ya muhogo.

Tukaukuta. Ulikuwa umechipua mashina mengi kutoka chini, kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na shina moja katikati lilinyooka tangu chini hadi juu ya kichwa cha baba bila fundo wala tawi. Baba alilishika akalipapasa taratibu, akifumba macho. Tangu pikipiki irudi ofisini sikuwa nimemwona na uso ule.

Hapakuwa na mtu karibu. "Likate, baba," nikanong'ona.

"Angalia chini," akasema. Nikaangalia. Majani yalikuwa yamepaliliwa kuuzunguka mti ule, na udongo ulikuwa umefagiliwa. "Una mwenyewe."

Tukaufuata moshi wa jikoni hadi kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri. Mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya muhogo. Jina lake, tulikuja kujua baadaye, lilikuwa Otilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye shati la kaki. Nikamwamkia nami, akaniitikia kwa sauti laini zaidi, kisha akamrudia baba. "Nyie wa kilimo mmerudi? Safari ile mlikuja mkatuambia tulime pamba, tukalima, mkaacha kuja kuinunua. Sasa mnataka nini? Mti wangu umefanya kosa gani? Nimewaona mkiupima."

"Hatukuupima, mama. Niliushika tu."

"Ukitaka kuukata, kata. Mimi nitamzuiaje mtu wa serikali? Wewe ni bwana shamba, siyo?"

Ilikuwa rahisi sana. Panga lilikuwa mkononi, ruhusa ilikwisha kutolewa, ya namna yake. Baba angesema "ndiyo" tukarudi kuukata mti. Kuku walipita kati yetu. Nilimtazama, nikadhani labda hakumsikia, nikataka kumjibia.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa. Nimepunguzwa kazi, mama. Hili shati ni la zamani. Sasa hivi mimi ni mkulima wa Litumbandyosi, nguruwe wanamaliza mahindi yangu, na sina bunduki. Naomba shina moja la mkole nitengeneze upinde. Ukininyima nitakushukuru vilevile, nitatafuta kwingine."

Nilihisi masikio yakiniwaka. Kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno lile, kupunguzwa, kwa sauti, wala mama, na sasa baba alikuwa analimwaga mbele ya bibi tusiyemjua mwenye mikono ya muhogo.

Bibi Otilia aliweka kisu chini. "Kumbe na wewe," akasema. Akatueleza kwamba mwanawe alikuwa karani wa ghala la ushirika, ghala likafungwa, akaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, akaenda Tunduru kuchimba madini. "Sina habari zake tangu muhogo ule wa pale ulipopandwa. Angekuja tu. Mimi nilimtaka yeye, sikutaka mshahara wake." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kaeni. Mtakula kwanza."

Tulikula ugali wa muhogo na usipa, kisha yeye mwenyewe akatuongoza mpaka kwenye mkole. Alionyesha lile shina la katikati na kumwagiza baba akate juu kidogo, si chini kabisa, ili lichipue tena. Baba akakata kama alivyoagizwa, kwa mapigo machache, akiinamisha panga ili maji ya mvua yasituame kwenye jeraha la mti.

Tulibaki kwake hadi upinde ulipokamilika. Baba alimenya maganda, akachonga tumbo la upinde, yaani upande wake wa ndani, kidogo kidogo, akaupaka mafuta na kuupitisha juu ya makaa, anaukunja gotini, anauachia, anauangalia kwa jicho moja, anarudia. Hakuwa na haraka hata chembe. Mimi nilipewa matete. Tulikwenda kuyakata ukingoni mwa Ruhuhu, mahali ambapo wanawake walituhakikishia hapana mamba, na baba akanifundisha kuyachagua: tete halifai likiwa bichi mno wala likiwa limekwisha kukauka lingali limesimama, na ukiliviringisha juu ya jiwe bapa halitakiwi kurukaruka. Nililipenda jambo lile la jiwe. Niliviringisha matete hadi viganja vikaota malengelenge, na kila lililopita baba alilipokea kwa mikono miwili, kana kwamba nimempa kitu cha thamani. Vichwa vya mishale vilikuwa misumari iliyopondwa. Kamba ilitoka kwenye ngozi ya mbuzi ya Bibi Otilia. Manyoya yalitoka kwa jogoo wake, ambaye hakukubali kwa hiari, na mimi ndiye niliyemkimbiza.

Kipande cha juu cha lile shina kilibaki, na baba hakukitupa. Alikifanya upinde mdogo, akampa mwenyeji wetu.

"Huu ni wa tumbili wanaokula muhogo wako."

"Mimi? Bibi kizee?"

"Simama hivi, mama. Mguu huu mbele. Usivute kwa mkono peke yake, vuta kwa mgongo."

Mshale wake wa kwanza ulichoma paa la nyumba yake mwenyewe ukabaki unaning'inia pale. Alicheka hadi akakaa chini, na baba naye akacheka, kicheko kile cha zamani cha tumboni ambacho nilikuwa nimekwisha kukisahau. Mshale wa pili ulifika kwenye muhogo. Jirani alitoka kuangalia kuna nini, akarudi ndani upesi.

Tuliporudi tulipanda lori nyuma, kwenye magunia ya usipa. Dereva alikuwa mwingine, lakini naye aliona shati la kaki akaita. Baba akamwambia, "Asante, huko mbele waweke wazee, mimi siko kazini." Nilikerwa sana. Nilinuka usipa hadi Jumapili iliyofuata, na kanisani hakuna aliyetaka kukaa nami benchi moja.

Mnataka kujua habari za nguruwe. Baba alimpata mmoja, na mwingine alimjeruhi akatokomea. Waliobaki walianza kupita mbali na shamba letu. Hatukuvuna gunia kwa gunia kama baadhi ya majirani, ila tulikula hadi msimu mwingine. Watu wa Litumbandyosi walianza kumletea miti, naye akawatengenezea na kuwafundisha, na alikaa kwenye ardhi ile hadi nywele zake zikawa nyeupe zote.

Kwa miaka mingi, kila nilipoisimulia safari hii, nilisifu mikono ya baba. Ilistahili sifa. Lakini nimekuwa mtu mzima, nimefanya kazi maofisini, nimeona wengine wakipunguzwa. Nimemjua mwanamume aliyeendelea kutoka nyumbani kila asubuhi amevaa tai, akaenda kukaa stendi hadi jioni ili watoto wake wasijue. Simcheki. Sasa naelewa neno lile lina uzito gani mdomoni. Kuku walipokuwa wakipita kati yetu pale uani, mimi nilidhani baba hajasikia swali. Alilisikia. Akalijibu mara moja tu, kweli tupu, mbele ya mtu asiyemjua na mbele ya binti yake, kisha akaomba mti.