Mfuko Mwekundu

Mke wangu nilikaribia kumkosa mara mbili. Mara ya kwanza damu ilimwishia mwilini. Mara ya pili nyumba nzima iliamini kwamba nimempa ya kwangu. Hiyo ya kwanza naielewa. Ya pili, jamani, mpaka leo nikiisimulia naona kama nasimulia mambo ya mtu mwingine.

Sie tunakaa Chamazi: mie, mke wangu, na bibi yangu mzaa baba aliyenilea tangu mdogo. Mzaramo yule, na mdomo anao. Mie ananiita "mume wangu", mke wangu anamwita "mke mwenzangu", na siku wali ukiungua anamsema mbele yangu: "Mwenzangu, unataka mume wetu ahamie kwa mama lishe?" Ndiyo utani wa bibi na mjukuu, tumeuzoea. Kazi yangu iko Vingunguti, machinjioni. Damu naiona kila asubuhi, naikanyaga na gambuti, naisukuma na maji mpaka kwenye mfereji. Ungeniuliza zamani ningekwambia damu hainibabaishi.

Mke wangu alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, mchana wa saa nane. Nilishapiga simu kwa watu, nilishacheka na mlinzi wa getini. Mara nesi mmoja akatoka wodini anatembea haraka, wa pili akamfuata, na mie nikaulizwa, "Wewe ndiyo mume? Damu inamtoka nyingi, tunamwongezea. Na nyie ndugu mwende mkachangie." Akarudi ndani. Hayo tu. Nikabaki nimesimama na mfuko wa khanga mkononi, sijui niuweke wapi.

Sasa sikia nilivyoelewa mie. Mke wangu hana damu, mie ninayo, wanataka niitoe wampe. Kuna cha kuuliza hapo? Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, tulikuwa naye pale. Akaanza kusema ana presha. Tangu lini? Nikamkata jicho, nikaenda mwenyewe.

Wakaniuliza maswali, wakanipima uzito, wakanitoboa kidole, wakanilaza kwenye kiti. Nikafumba macho. Kiherehere changu kikanifanya niyafumbue, nikaona mfuko unajaa, mwekundu, unachezeshwa taratibu na kimashine. Mie niliyeshika vichwa vya ng'ombe kwa mikono hii! Kijasho chembamba kikanitoka, nikaona nyota nyota, nikasikia sauti ya mbali inasema, "Baba, kunywa soda." Nilipopata akili, mhudumu mmoja alikuwa ameubeba mfuko wangu, anatokomea nao kwenye korido ya kwenda wodini. Nikamaliza soda, nikaenda nikachungulia mlangoni. Mke wangu kalala, midomo imempauka, na juu yake umetundikwa mfuko mwekundu unadondoka tone tone kwenye mpira.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nililia palepale mlangoni. Nikajisemea, ile ni yangu ile, imeingia. Jioni midomo yake ilianza kurudi rangi, akanyoosha kidole kumgusa mtoto. Nikamwambia kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba damu yangu ndiyo iliyomwokoa. Nilipomwambia bibi nyumbani nilitegemea kigelegele. Akaitikia tu, "Alhamdulillahi," kisha akaanza kuchambua mchele.

Nyumbani tukaingia arobaini. Kwetu mzazi analala na mtu mzima, mume anajitafutia pa kulala, kwa hiyo bibi alihamia chumbani na mie nikapewa kochi la sebuleni. Sikunung'unika. Kutwa nilikuwa naleta kwato za supu kutoka kazini, bibi anachemsha uji wa pilipili manga, na mke wangu anazidi kupata nguvu. Nilikuwa nakaa mlangoni tunapiga soga, yeye kitandani na mtoto. Siku moja alimfokea fundi wa bomba mpaka fundi akasahau spana yake. Akanigeukia anacheka. "Damu yako hii kali, baba. Siku hizi nakasirika hovyo kama wewe." Nikavimba kichwa, nikamwambia, "Subiri, utaanza na kukoroma."

Arobaini ikatoka, mtoto akanyolewa, watu wakala pilau wakaondoka. Jioni hiyo nikachukua mto wangu kutoka kwenye kochi, naelekea chumbani. Bibi kakaa kwenye kizingiti, miguu kainyoosha mbele.

"Mjukuu wangu, kaa chini," akaniambia.

Mjukuu wangu! Bibi hajawahi kuniita hivyo ila siku baba yangu alipofariki. Nikakaa, mto mapajani.

"Mkeo ulimpa damu yako."

"Nilimpa, bibi."

"Watu wakinyonya ziwa moja wanakuwa nini?"

"Ndugu. Hawaoani."

"Na hayo ni maziwa tu. Mtoto anayacheua. Weye umempa damu yenyewe, inazunguka mwilini mwake usiku na mchana. Sasa niambie, huyu aliyemo humo ndani ni mkeo, au ni dada yako?"

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni nikaona hacheki. Akanieleza kwamba ujanani kwake aliona harusi ikivunjwa, ngoma zimeshapigwa, kisa bibi mmoja alikumbuka kuwa bwana na bibi harusi aliwanyonyesha yeye wote wawili. Alikuwa ameliwaza jambo letu arobaini nzima, hakuwa na wa kumwambia. Kisha akasema neno lililonikata maini: Jumamosi atampeleka mke wangu kwao, akae huko mpaka lijulikane. Kule ndani nikasikia kilio, si cha mtoto.

Nikaenda kwa ustaadh wa msikitini. Akatabasamu, akasema damu si maziwa, ndoa yenu iko palepale, rudi kwa mkeo. Nikarudi mbio. Bibi akasema, "Ustaadh yupi, huyu? Huyu nimemwogesha mwenyewe akiwa mchanga. Atanifundisha mie haramu?"

Wallahi nilichanganyikiwa. Usidhani mie nilikuwa na akili kuliko bibi. Nililala kwenye kochi nikajiuliza, na kama kweli? Mbona anakasirika kama mie? Mbona mtoto kafanana na mie hivi, au ni kwa kuwa mama yake naye sasa ni mie? Upuuzi, lakini ukikaa nao peke yako unakua. Nikimtazama namwona mke. Nikikumbuka maneno ya bibi, namtazama tena na sijui ninamwona nani. Na yeye akaacha kuja kula nasi. Akawa anapanga nguo za mtoto kwenye begi, anazitoa, anazikunja upya.

Ijumaa hasira zikanipanda. Nikamwambia bibi, "Shika mkoba wako, twende hospitali tukaulize wenyewe waliomtia hiyo damu." Akasema, "Twende," akafunga ushungi kwa nguvu kama anakwenda shari.

Nesi aliyenipa soda alikuwepo. Bibi hakumpa nafasi hata ya kuitikiwa shikamoo yake, akamwaga yote, ziwa, harusi iliyovunjika, korido, mfuko. Nesi akasikiliza hadi mwisho. Halafu akanigeukia.

"Baba, nani kakwambia damu yako alipewa mkeo?"

"Niliiona imetundikwa."

"Uliona damu. Wewe ni kundi B, yeye ni O. Yako ingemwua. Na damu haitoki kwa mtu ikaenda moja kwa moja kwa mwingine, inapimwa kwanza maradhi. Ile ya mkeo ilikuwa imeshapimwa na imewekwa kwenye friji kabla hata uchungu haujamwanza. Mtu alikuja, akakaa kiti kilekile ulichokalia, akatoa, akaenda zake. Tungesubiri ya kwako saa ile, leo usingekuwa na mke wa kugombania."

Nikakaa. Bibi ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Mtu gani huyo?"

"Hatuwezi kusema, bibi. Na yeye hajui imemfikia nani."

"Na ya huyu imekwenda wapi?"

"Kwa aliyeihitaji."

Bibi akaangalia ile korido kwa muda mrefu. Tulipofika nyumbani akaingia chumbani, akalifungua lile begi, akaanza kurudisha nguo za mtoto kabatini. "Mke mwenzangu," akasema, "mume wetu karudi. Si kaka yako. Damu yenyewe wala si yake." Akabeba jamvi lake akahamia chumba chake.

Mie nilikuwa nimeshika mto wangu, nacheka peke yangu kama mwehu. Mke wangu hakucheka. Kakaa kitandani, mtoto yuko kwenye ziwa.

"Kumbe si yako?"

"Si yangu. Tumepona, mama!"

Machozi yakaanza kumtoka. "Mie kule wodini nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa nikisikia baridi najiambia, usiogope, yeye yumo humu, anazunguka. Nilishikilia hilo hilo tu." Akajifuta na ncha ya khanga. "Kwa hiyo na hasira hizi ni zangu mwenyewe?"

Sikujua nifurahi au niombe radhi. Nimerudishiwa mke na hapohapo nimemnyang'anya kitu, na hicho kitu hakikuwahi kuwa changu. Nikamkumbatia tu, yeye na mtoto, mto ukaangukia chini.

Jioni ile baada ya magharibi bibi aliinua mikono kuomba dua kama kawaida yake, akawataja marehemu wote mmoja mmoja, akatutaja sie. Kisha akasema, "Na yule tusiyemjua, aliyempa mwenzangu damu. Ewe Mola, unamjua weye. Kama yu hai mpe afya na riziki, na kama kafa mrehemu." Mke wangu akaitikia amina kwa sauti iliyomshtua mtoto. Tangu siku hiyo yule mtu hajawahi kukosa kwenye dua ya nyumba yetu.

Miezi mitatu ilipopita nikarudi hospitali. Hakuna aliyeniita na hakuna mgonjwa wangu aliyelazwa. Mke wangu alisema akimwachisha mtoto ziwa naye ataulizia kama anaruhusiwa kutoa damu. Nilikaa kwenye kiti, nikafumba macho, safari hii sikuyafumbua. Nikawaza, ile yangu ya kwanza ilikwenda kwa nani? Labda Goba huko, labda Mbagala hapa nyuma. Labda kuna nyumba, muda huuhuu, kuna bibi kizee kainua mikono anamwombea afya mtu asiyemjua.

"Amina," nikasema.

"Umesemaje, baba?" nesi akauliza.

Nikamwambia sijasema kitu, alete soda.